Kabla hujalipia koteji Diani, uliza kuhusu mpishi

Mwanamke akirudi kutoka likizo ya Pwani amechoka kuliko alivyoondoka, huwa simwulizi sababu. Naijua. Walikodi koteji, nyumba ya likizo ya kujipikia. Picha zilipendeza, bei ikawa nafuu kuliko hoteli kwa jinsi walivyo wengi, kisha asubuhi ya kwanza mama akajikuta mbele ya jiko la gesi asilolijua, anatafuta kisu chenye makali, huku baba watoto ameshatangulia baharini na wanawe.

Sina ugomvi na koteji. Kwa familia ya Nairobi yenye watoto watatu na bibi yao, mara nyingi ndiyo inayoingia mfukoni, maana hotelini kila kichwa kinalipiwa na huku mnalipia nyumba. Ila nyumba ni nyumba, ina kazi zake. Msipoamua mapema nani atazifanya, zitakufuata wewe, kwa sababu kwako ndiko zilikozoea kwenda.

Basi swali la kwanza kwa mwenye nyumba, kabla ya bwawa la kuogelea na kabla ya umbali wa kufika ufuoni, liwe hili: mpishi yupo? Koteji nyingi za Diani, kusini mwa Mombasa, na za Watamu vilevile, huwa na mtu wa kusafisha na mpishi. Kwingine malipo yao yamo ndani ya kodi, kwingine wanalipwa kando kwa siku. Uliza mpishi anafika saa ngapi na kuondoka saa ngapi, kama Jumapili yupo, na gesi ikiisha ni juu ya nani. Pesa zikibana, punguzeni siku ya kukaa mumlipe yeye. Mimi niko tayari kulala chumba cha feni badala ya kiyoyozi ili mpishi apatikane, na joto la Desemba nalijua.

Mpishi akishapatikana, inabaki kazi ambayo watu hawaihesabu kuwa kazi: kuamua. Watu wale nini, vitunguu vinatosha, mdogo atakula pilipili au la. Mzee aliyekuwa akitupikia alikuja barazani asubuhi, kofia kichwani, nikamwamkia shikamoo. "Marahaba mwanangu. Leo wataka niwapikie nini?" Baba watoto alikuwa kwenye bembea ya kamba, hapo hapo karibu. Nikamwambia, "Mzee, mambo ya jikoni safari hii yako kwa baba watoto." Akanitazama mimi, akamtazama yeye, akacheka chini chini, akasogea upande ule. "Haya baba, mwala nini?" Tulikula samaki wa kupaka mchana na usiku, kesho yake tena, na watoto walinenepa. Mama mkwe alikuwa na la kusema kuhusu wanawake wa siku hizi. Nikamwitikia "ndiyo mama," nikaendelea na chai yangu na mahamri.

Lile jibu la barazani lilikuwa limekubaliwa Nairobi, tiketi hazijakatwa. Ndipo mazungumzo yanapotakiwa kufanyika. Ukimwambia mume "mimi nataka kupumzika," atakubali kwa moyo mweupe na hakuna kitakachobadilika, kwa sababu naye anaamini wote mnaenda kupumzika. Mtajie kazi moja moja. "Wewe utazungumza na mpishi. Wewe utaagiza maji ya kunywa. Wewe utaamka na mdogo, maana anaamka saa kumi na moja hata akiwa mbinguni."

Kuhusu maji: nyumba nyingi karibu na bahari hutumia maji ya kisima yenye chumvi kidogo. Sabuni haitoi povu vizuri na chai inakuwa na ladha ya ajabu. Nunueni mitungi ya lita 20 ya maji safi siku ya kufika, muitumie kwa kunywa na kwa chai. Chakula hakina shida. Wachuuzi wa samaki hupita na baiskeli wakibisha hodi nyumba hadi nyumba, wana changu, tafi, pweza, siku nyingine kamba, na wengine huleta mboga na maembe. Mpishi ndiye anayejua bei halali. Mwache yeye aongee, wewe mtalii kutoka Nairobi kaa kimya.

Jambo ambalo halimo kwenye tangazo la nyumba, na ndilo litakalopanga siku yenu, ni maji ya bahari kupwa na kujaa. Watu wa bara hufika wakidhani bahari ipo tu muda wote, kama bwawa. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hupita mita tatu. Siku hizo bahari ya Diani huwa imekupwa kabisa kama saa nne asubuhi, na inajaa kama saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu, unakua au unapungua, ni maji mafu: tofauti inapungua, na saa zinageuka, maji yanajaa asubuhi. Kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Muulize mpishi au askari wa getini, watakwambia bila kutazama simu.

Ukishajua hivyo, ratiba inajipanga yenyewe. Asubuhi ya bamvua, baba awapeleke watoto kwenye vidimbwi vinavyobaki kwenye mwamba. Humo mna nyota za bahari, kaa wadogo, matango ya bahari meusi yaliyolala kama soksi iliyosahaulika. Kila mtoto avae viatu vya plastiki, kwa ajili ya wale wadudu wa miiba mirefu myeusi wanaojificha kwenye mashimo. Na wageuke kurudi mara maji yanapoanza kuingia, kwa sababu huwa yanajaza mikondo iliyo nyuma yenu kabla ya pale mliposimama. Wakati wao wako huko, wewe uko nyumbani peke yako. Usifue. Usipange sanduku. Mimi nilirudi kitandani nikalala usingizi mzito wa mchana, mate yakilowesha mto, na sijaona haya kuusimulia.

Jioni maji yakijaa ndipo pa kuogelea, jua nalo limepoa. Hapa sina mzaha hata kidogo. Watu wazima sita wakikaa ufuoni, kila mmoja akidhani mwenzake anaangalia watoto, hakuna anayeangalia. Kwetu tuna kofia moja ya ukindu. Aliyeivaa ndiye mwenye zamu: hashiki simu, hafungui kitabu, hajadili siasa. Akichoka anaivua na kumvisha mwingine kwa mkono wake, akisema kwa sauti kuwa amekabidhi. Shemeji yangu aliicheka mwanzoni, sasa ndiye askari mkali kuliko wote. Faida ya pili ni yako: kofia ikiwa kichwani pa mtu mwingine, unaweza kuyafumba macho kwa haki.

Kima na tumbili wa Diani wanajua kufungua dirisha. Mkate usikae mezani, basi. Mbega, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani, hula majani na hawana habari na mkate wenu. Watoto waoneshe ngazi za kamba zilizotundikwa juu ya barabara ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Wangu walikaa chini ya moja mchana mzima wakisubiri.

Msimu nao una neno lake. Likizo ya Desemba huangukia kaskazi: bahari tulivu, maji maangavu, bei juu na nyumba zinakwisha mapema. Ya Agosti ni kusi: upepo, hewa ya baridi kidogo, mwani umejaa ufuoni. Ya Aprili ni bei poa na mvua ya masika. Kwa mama aliyechoka napendekeza Agosti. Watoto hawajali mwani, na hakuna ndugu anayetaka kuja.

Ndugu, ndiyo. Habari kwamba mna nyumba ufukweni husafiri haraka kuliko treni. Binamu wa Mombasa atapiga simu kuwa anapita kuwasalimia, na atapita na watoto wanne na mikoba ya kulala. Kumfukuza ndugu si desturi yetu, lakini kumpangia siku inawezekana: "Njooni Jumamosi mchana, tule pamoja." Mchana una mwisho wake. Na kama mnamchukua dada wa kazi, kumbukeni kwamba yeye yuko kazini, mbali na kwao, kwa saa nyingi zaidi. Alipwe zaidi, na apewe siku yake kamili. Asipotaka kuja, asilazimishwe.

Safari yenyewe isiwamalize. Treni kutoka Syokimau, kituo cha Nairobi, hadi Miritini, kituo cha Mombasa, huchukua saa tano hadi sita, watoto wanakwenda chooni bila kusimamisha gari kila baada ya kilomita kumi. Kutoka Miritini, mwambieni dereva apite barabara ya Dongo Kundu, mtatokea upande wa Kwale bila kupanga foleni ya feri Likoni na masanduku juu ya magoti. Nguo chukueni chache. Mtoto Diani anaishi kwa kaptura na leso. Wekeni beseni la maji mlangoni la kuosha miguu, la sivyo mchanga utalala nanyi.

Kurudi, wacheni siku nzima kati ya safari na kufungua shule. Na usiku wote mkiwa huko, laleni ndani ya chandarua, hata kama chumba kina feni na dirisha lina wavu. Watoto waliokulia Nairobi hawana kinga ya malaria waliyo nayo wa huko, na dalili huweza kuchukua wiki moja au zaidi kujitokeza, wakati mmeshaanza kufikiria ni homa ya kawaida ya shule. Mtoto akipata joto ndani ya wiki hizo za kwanza, apimwe siku hiyo hiyo, na la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba mlikuwa Pwani.