Dhamana ya nyumba Uingereza hurudi, ila si kwa uaminifu wa Mzungu

Mdogo wangu wa Tabata anakuja kusoma Leicester mwezi wa tisa, na swali lake nimeshaulizwa na wengi: "Dada, ni kweli huko ukihama mwenye nyumba anakurudishia dhamana yako yote? Maana Wazungu hawana longolongo."

Pesa hiyo, ile unayomwachia mwenye nyumba unapoingia ili akate ukiharibu kitu, inarudi, ndugu zangu. Nimehama na nimerudishiwa. Ila hiyo habari ya Wazungu kutokuwa na longolongo ifuteni. Wenye nyumba wa huku wangeachiwa wajiamulie wenyewe wangeila kama wanavyoila wa Sinza, kwa sababu zilezile: rangi imechafuka, kitasa kimelegea, njoo wiki ijayo. Walikuwa wanaila kweli, ndiyo maana Bunge likaingilia kati.

Hapa England, tangu Aprili 2007, mwenye nyumba akipokea dhamana ya mpangaji wa kawaida haruhusiwi kuitia mfukoni akanyamaza. Lazima aiandikishe kwenye mmoja wa mipango mitatu ya kulinda dhamana iliyoidhinishwa na serikali: DPS, TDS au mydeposits. Ana siku 30 za kufanya hivyo na kukupa maandishi yanayoeleza pesa iko wapi na utaidai vipi. Akipuuza, unaweza kumshtaki, na mahakama ikamwamuru akulipe kiasi cha kuanzia dhamana nzima hadi mara tatu yake. Wewe mwenyewe unaweza kuingia kwenye tovuti za hiyo mipango ukaangalia kama umeandikishwa. Angalia mwezi wa kwanza, usisubiri siku ya kuhama.

Kiasi nacho kina kikomo. Tangu sheria ya mwaka 2019, dhamana haizidi kodi ya wiki tano, labda nyumba iwe ya kifahari ambayo kodi yake kwa mwaka inafika pauni 50,000, hapo ni wiki sita. Chumba cha pauni 600 kwa mwezi, dhamana yake mwisho ni pauni 692 na senti kidogo. Akikutajia miezi miwili, anakujaribu. Na ile tabia ya kuwadai wageni wasio na mdhamini kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama vile uko Dar, sheria mpya imeigusa: kuanzia 1 Mei 2026 mwenye nyumba binafsi haruhusiwi kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja kabla hujaingia.

Sasa siku ya kukabidhi funguo. Wakala anakuja na ile orodha mliyosaini siku ya kuingia, yenye picha za kila chumba. Nyumba niliyohama mara ya mwisho alikuja kijana mpole sana, kavaa soksi za plastiki juu ya viatu. Akafungua oveni, akapitisha kidole juu kabisa kwenye dari lake, mahali ambapo hata mama mkwe asingefika. Akavuta kabati la nguo kutazama ukungu ukutani. Akainama kwenye bomba la bafuni kuangalia chokaa ya maji. Halafu akapiga picha alama ya pasi kwenye zulia la chumbani, ndogo, ya ncha tu. Baada ya siku chache ikaja barua pepe: wanakata bei ya zulia zima jipya.

Nilikataa, shauri likaenda kwa mwamuzi wa mpango unaoshika dhamana. Ni bure, na hakuna wakili: kila upande unapeleka karatasi zake na picha zake, basi. Na hapa ndipo panapotofautiana na nyumbani. Kwa mwamuzi, dhamana inahesabiwa kuwa ni pesa yako mpaka mwenye nyumba athibitishe vinginevyo. Yeye ndiye anayehangaika na ushahidi. Hana picha za siku ya kuingia? Hana risiti? Kesi imemlalia. Halafu uchakavu wa kawaida haulipwi na mpangaji, wala mwenye nyumba haruhusiwi kupata kitu kipya kwa kitu kikuukuu. Tuseme zulia lilinunuliwa pauni 400, la kudumu miaka minane, na lina miaka sita: kilichobaki ni pauni 100, na hapo ni kama limeharibika lote. Mimi nilikatwa kipande kidogo, nikaona ni haki, pasi ilikuwa yangu.

Hata kukulazimisha umlipe mtu wa kampuni aje kusafisha hawaruhusiwi. Wanachoweza kudai ni nyumba iwe safi kama ulivyoikuta. Oveni lakini isugueni, jamani, hasa sisi wa kukaanga samaki kila Ijumaa.

Nije kwenye kile tusichopenda kukisema. Pesa za dhamana ninazozijua zilizopotea huku, nyingi hazikuliwa na Mzungu. Zimeliwa na mtu wa kwetu. Mgeni anafika hana historia ya benki, hana mdhamini, anaambiwa kuna kaka fulani ana chumba. Analipa taslimu, hakuna mkataba, hakuna risiti, "sisi ni ndugu bwana". Ukiishi nyumba moja na huyo anayekupangisha, ile sheria ya mipango mitatu haikuhusu. Siku ya kuhama unaambiwa umeme ulipanda, au pesa imetumwa nyumbani kwenye msiba. Unabaki na mahakama ya madai madogo, na nani atampeleka kule mtu atakayekutana naye Idi, harusini na kwenye kisomo? Watu wanasamehe, halafu mgeni mwingine anapelekwa chumba hichohicho.

Sisemi msikae na ndugu. Wengi tuliponea huko. Nasema andikeni: karatasi moja, kiasi, tarehe, saini mbili, na pesa ipitie benki. Anayechukia kuandikiana ameshakujibu.

Wapo watakaokushauri usilipe kodi ya mwezi wa mwisho, ile dhamana ijilipe. Usifanye. Inahesabika deni, na wakala wa nyumba inayofuata atawauliza hawa wa kwanza ulikuwa mpangaji wa namna gani. Na wanaorudi moja kwa moja nyumbani, msifunge akaunti ya benki ya huku kabla dhamana haijaingia.

Mdogo wangu, hizo picha za chumba ulizonitumia ni nzuri mno kwa bei hiyo. Usitume hata senti. Nitumie anwani, mimi niko Coventry, si mbali; Jumamosi nitakwenda kubisha hodi nione kama nyumba yenyewe ipo.