Kabla Hujaandika "Muunganiko wa Sumaku na Umeme"

Wadogo zangu, nimeletewa tena grafu ya Ca3Co2O6 (oksidi ya kalisi na kobalti) yenye epsiloni, yaani kipimo cha uwezo wa kuhifadhi chaji, ya maelfu, na chini yake imeandikwa "muunganiko mkubwa". Nawapenda, lakini hili limezidi. Someni haya kabla hamjashusha sampuli kwenye heliamu.

1. Eksirei kwanza, kuona kama sampuli ni safi. Mabaki ya Co3O4 (oksidi ya kobalti) hujipanga kiantiferosumaku, yaani spini (visumaku vidogo vya atomi) jirani huelekea kinyume, kati ya kelvini 30 na 40. Ca3Co2O6 yenyewe karibu na 25. Ukiona kinundu kwenye grafu ya usumaku juu ya hapo, saga unga upya, uchome tena.

2. Kinundu cha karibu kelvini 50 mara nyingi ni oksijeni iliyobaki kwenye chumba cha sampuli. Safisha kwa heliamu.

3. Kabla ya ZFC (kupoza sampuli bila uga, kisha kupima ikipata joto), shusha uga wa sumaku hadi sifuri kwa kuuyumbisha. Uga uliosalia kwenye sumaku unatosha kuipeleka ZFC upande wa hasi.

4. Dielektriki, yaani vipimo vya epsiloni. Hapa nitakaa, maana pameniuma. Nilipima kidonge chenye gundi ya fedha pande zote mbili, kwa kilohezi 1, karibu na halijoto ya chumba. Epsiloni ikapanda hadi maelfu. Nikawasha uga, ikasogea. Nikaandika ripoti, nikaisambaza, wenzangu wakaanza kupanga kazi zao juu yake. Msimamizi akauliza jambo moja tu: tan delta, kipimo cha nishati ya umeme inayopotea, iko wapi? Sikuwa nimeitazama. Ilikuwa kubwa mno. Tukasugua kidonge kikawa chembamba, tukabadili fedha kwa dhahabu, na ile epsiloni ikabadilika pamoja navyo. Tabia ya madini haijui unene wa kidonge wala aina ya elektrodi! Nilichopima ni Maxwell-Wagner: chaji zilizorundikana kwenye elektrodi na mipaka ya chembe. Uga ulibadili ukinzani tu, na ukinzani ukaiburuta kapasita. Mtafiti Catalan alishaeleza hili mwaka 2006, nami sikuwa nimesoma. Wenzangu walipoteza muda wao kwa sababu yangu, na hilo ndilo lililonisumbua kuliko ripoti yenyewe.

Muunganiko wa kweli una sura nyingine. Tazameni LiCu2O2 (oksidi ya lithi na shaba): spini za shaba kwenye mnyororo huvutwa na jirani wa kwanza huku, wa pili kule, zikaishia kujisokota. Chini ya kelvini 23 hivi msokoto huo huzaa upolaji, yaani chaji chanya na hasi kusogea pande tofauti. Kilele cha epsiloni kinakaa pale pale hata ukibadili masafa, na mkondo wa pairo (umeme mdogo utokao halijoto ya sampuli inapobadilika) unakithibitisha.

5. Andikeni kasi ya kupandisha uga. Katika Ca3Co2O6 kila mnyororo wa kobalti ni kama spini moja kubwa kwenye pembetatu: miwili juu, mmoja chini, ndiyo maana usumaku hukaa kwenye theluthi moja ya upeo wake hadi karibu tesla 3.6. Chini ya kelvini 10 huongezeka ngazi kila tesla 1.2 hivi, nazo hutegemea kasi. Mkilinganisha grafu mbili bila kuijua, mnabishana juu ya mipangilio ya mashine. Na vidonge vilivyobaki kabatini, viandikeni tarehe.