Nilivyopata akili ya saizi baada ya sketi ya Kiitaliano kunigomea mapajani

Sketi ilipanda vizuri mpaka katikati ya mapaja, ikakaa hapo. Nikaivuta kwa pembeni, nikaivua nikajaribu kuivalia kichwani, wifi yangu akashika kiuno cha sketi huku mimi nimeng'ang'ania mlango wa kabati. Wapi! Ilikuwa saa kumi na nusu jioni, sendofu ya mdogo wangu inaanza saa kumi na mbili, na nje dereva anapiga honi. Lebo ya ndani ilisema 42. Na mimi navaa 42. Ndiyo maana niliiagiza bila wasiwasi nilipokuwa Hamburg, nikaikunja ndani ya karatasi yake, nikaja nayo Dar bila kuijaribu hata mara moja, kwa ile tabia yetu kwamba nguo ya shughuli haiguswi mpaka siku yake.

Ni kweli navaa 42, lakini ya Ujerumani. Ile ilikuwa 42 ya Italia, ambayo Ujerumani wanaiita 36. Nilikuwa nimejinunulia sketi ya kubana, saizi tatu chini ya mwili wangu, na posta nikalipia.

Sendofu nilienda na kitenge cha wifi.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa futi kamba. Ndugu na marafiki wananitumia picha za nguo na swali lile lile: "Hii itanitosha?" Nimeona niandike nilichojifunza mahali pamoja, maana kujibu ujumbe wa sauti wa dakika nne kila wiki nimechoka.

Tuanze na zile namba. Tunasema "saizi za Ulaya" kana kwamba Ulaya ni duka moja. Mwanamke anayevaa 38 Ufaransa anavaa 36 Ujerumani, 42 Italia na 10 Uingereza. Mwili mmoja, majina manne. Ukishika namba ya Ufaransa, toa 2 unapata ya Ujerumani, ongeza 4 unapata ya Italia. Kutoka Ujerumani kwenda Italia unaongeza 6, na hapo ndipo mimi nilipodondokea. Hispania kwa kawaida iko na Ufaransa. Uholanzi na nchi za Skandinavia ziko upande wa Mjerumani, kwa hiyo ukizoea namba za H&M, ambao ni Waswidi, umezoea za Kijerumani. Halafu zipo lebo za Ufaransa zinazoandika 1, 2, 3, ambapo 1 ni kama 36 yao, na nyingine zinaandika TU, maana yake saizi ni moja tu kwa watu wote. Hiyo TU mimi siiamini hata kwa kofia.

Hili si jambo la wanaoagiza mtandaoni peke yao. Nguo nyingi za hizi lebo zinatufikia kwenye marobota. Nenda soko la mitumba la Karume, au Memorial pale Moshi, ugeuze blauzi uangalie lebo ya pembeni: mara nyingi utakuta mstari mzima, D 38, F 40, I 44, GB 12, yaani Ujerumani, Ufaransa, Italia na Uingereza. Zote hizo ni nguo ile ile moja. Muuzaji macho yake yanaenda kwenye namba kubwa. "Hiyo arobaini na nne, mama, hiyo ya bonge!" Na dada mwembamba aliyekuwa anaitafuta anairudisha kwenye rundo. Mimi nimeokota vitu vizuri sana kwa sababu tu ya watu kusoma herufi ya I wakadhani ni ya D.

Sasa, namba yenyewe inatoka wapi? Kwa Wajerumani hesabu ya nguo za kike ni nyepesi: chukua mzunguko wa kifua kwa sentimita, gawa kwa mbili, toa 6. Kifua 88 kinakupa 38. Changu ni 96, nusu yake 48, toa 6, 42. Nilipoijua hii hesabu nilikaa kimya kidogo. Kumbe namba inayoandikwa hata kwenye suruali na sketi imezaliwa kifuani! Nyonga zako haizijui. Kiwanda kinakisia tu kwamba mwenye kifua hiki atakuwa na kiuno hiki na nyonga hizi.

Na makisio yao hayakupigwa kwa kumwangalia shangazi yangu. Majedwali mengi ya Ulaya yanaweka kiuno na nyonga vipishane kwa karibu sentimita 25. Mimi kiuno 76, nyonga 108, tofauti 32. Najua wanawake kwenye ukoo wetu wanaofika 38 na hawajafanya juhudi yoyote. Ndiyo maana suruali ikikutosha nyuma inapwaya kiunoni mpaka unaweza kuingiza ngumi, na ikikutosha kiunoni haivuki mapaja. Miaka mingi nilidhani kasoro ni yangu. Nilikuwa nasimama kwenye vyumba vya kujaribia, vile vyenye taa za kukuonyesha kila unachokificha, nikinung'unikia chakula nilichokula juzi.

Dawa niliyoipata: nunua kwa kufuata nyonga, kiuno mwachie fundi. Fundi wangu yuko Kariakoo, kibanda chake hakizidi mita mbili, na cherehani yake ina umri kunizidi. Nilipompelekea ile sketi ya hariri nikimwomba aiongeze, aliigeuza ndani nje, akaubana mshono kwa vidole viwili, akanionyesha. Kitambaa kilichobaki ndani kilikuwa sentimita moja, nacho kimeshapigwa ovaloki. "Dada," akasema, "kupunguza ni kazi yangu. Kuongeza ni kazi ya aliyefuma kitambaa."

Basi nawe fanya hivyo hivyo kabla hujalipa, iwe dukani au mtumbani: geuza nguo, bana mshono. Nguo za viwandani za bei ya kawaida zina sentimita moja hivi na hakuna cha kuachia. Suruali nzuri za kiume, hasa za suti, mara nyingi zina akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma pale makalioni, na hizo fundi anaweza kuzifungua.

Kupunguza kiuno nako kuna mipaka. Fundi anafumua mkanda katikati ya nyuma, anabana mshono, anakata, anarudisha mkanda. Sentimita tatu au nne hakuna atakayegundua. Ukizidisha sana, mifuko ya nyuma inaanza kusalimiana. Na chagua suruali ambayo kitanzi cha mkanda pale katikati kinaweza kufumuliwa na kurudishwa, si ile yenye nembo ya ngozi imeshonewa juu ya mshono.

Kuhusu kupima, watu wengi wanajipima mwili, tena kwa huruma. Wanavuta pumzi ndani. Mimi nashauri upime nguo. Chukua suruali yako ile unayoipenda, ile ukivaa hata bosi anaonekana ana heshima, funga zipu, ilaze kitandani, inyooshe bila kuivuta. Pima kiuno kutoka ukingo mpaka ukingo, zidisha kwa mbili. Shuka pima pale palipo papana zaidi. Kisha pima kutoka kwenye makutano ya miguu kupanda mpaka kiunoni kwa mbele, na urefu wa mshono wa ndani wa mguu. Vipimo vinne. Viandike kwenye simu na uvibakishe hapo. Muuzaji wa mtandaoni anayejiheshimu ataweka vipimo vya nguo yenyewe, na ukilinganisha na vyako hubahatishi tena. Ila soma vizuri juu ya jedwali: mengine ni vipimo vya mwili wa mvaaji, mengine ni vya nguo. Ukivichanganya utaumia upya, na safari hii huna wa kumlaumu.

Halafu kuna hili la inchi. Futi kamba ina pande mbili, na mafundi wetu wanaongea inchi. Shangazi aliwahi kunitumia ujumbe: "Hipsi 44, nichagulie gauni." Kama ningekuwa mjinga ningemnunulia gauni la 44. Alimaanisha inchi 44, yaani karibu sentimita 112. Zidisha inchi kwa 2.54, au bora zaidi mwambie mtu akupigie picha futi kamba ikiwa juu ya nguo.

Kitambaa pia kina neno lake. Kwenye lebo ya kufulia tafuta neno elastane, yaani uzi unaovutika. Hata ikiwa asilimia 2 tu, nguo inakupa nafasi ya kupumua na makosa madogo yanasamehewa. Hariri tupu, kitani, pamba iliyofumwa bila mvutiko, hizo hazina msamaha. Zikiwa karibu kukutosha, hesabu kwamba hazijakutosha.

Kwa akina kaka ni rahisi, karibu nione wivu. Koti la suti la Kijerumani au Kiitaliano ni nusu ya kifua, basi: kifua 100, koti 50. Ukitoa 10 unapata ya Uingereza, 40. Jambo moja la kuangalia kwenye suti za Kiitaliano ni neno "drop". Drop 6 ina maana nusu ya kiuno ni pungufu ya nusu ya kifua kwa sentimita 6, kwa hiyo suti ya 50 inakuja na suruali ya kiuno 88. Drop 8 ni ya kijana mwenye tumbo bapa. Shemeji yangu alinunua drop 8 kwa ajili ya picha ilivyompendeza yule mwanamitindo. Tumwache hapo.

Watoto ni urefu tu. Namba 104, 110, 116 ni sentimita za mtoto kutoka utosini hadi kisiginoni, zinapanda sita sita. Msimamishe ukutani, piga alama, chukua inayofuata juu. Umri ulioandikwa pembeni usiutilie maanani.

Na sidiria, kwa ufupi kwa sababu hapa hata mimi niliwahi kupiga kelele dukani: 75 ya Ujerumani ni 90 ya Ufaransa na 34 ya Uingereza. Hujanenepa ghafla ulipovuka mpaka.

La mwisho ni muda, na hili linauma kuliko yote. Ukinunua mtandaoni ukiwa ndani ya Umoja wa Ulaya, sheria inakupa siku 14 tangu upokee mzigo kubadili mawazo, bila kueleza kwa nini. Ukinunua dukani kwa mkono wako, kurudisha kunategemea utaratibu wa duka. Sasa fikiria ndugu yako wa huko anayekununulia: mzigo unafika kwake, unakaa kwenye sanduku mwezi mzima ukisubiri apate likizo, wewe unaujaribu Mbagala wakati siku 14 zilishapita zamani. Kama unaagizia hivyo, mtumie vipimo vya nguo yako, na umwombe aipime iliyofika usiku ule ule. Kama uko huko huko, ivae siku inapofika, na viatu vyake, na nguo za ndani utakazovaa siku ya shughuli. Kaa kwenye kiti. Nyanyua mikono kama unacheza muziki wa harusini. Lebo ya bei usiikate mpaka umalize.

Ile sketi sasa anayo binti wa wifi. Imemkaa kama alishonewa. Juzi ameniuliza, kwa heshima zote, "Shangazi, lini tena utaagiza bila kupima?"