Kabla Hujafungua Warzone 2100, Liambie Lifunguke Vipi

Jumapili alasiri sebule yetu ya Tabata huwa haina nafasi ya kupita. Wapwa zangu wawili wanakuja na kompyuta zao kutoka Kimara, binamu anatoka Mbagala, na sote wanne tunacheza Warzone 2100 mpaka mama atuite mezani. Gemu lenyewe ni la mwaka 1999, lilitengenezwa Uingereza na Pumpkin Studios. Mwaka 2004 msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, ulitolewa kwa umma, na watu wa kujitolea wanaliendeleza hadi leo. Ni la bure, halitaki mashine ya bei mbaya, na ramani moja inaweza kubeba wachezaji hadi 10. Unajenga kambi, unagombania visima vya mafuta, unaunda vifaru vyako kipande kwa kipande. Nalipenda sana.

Ila zamani nusu saa nzima iliishia kwenye kuhangaika kabla risasi ya kwanza haijalia.

Mpwa wangu mdogo alinunua kompyuta iliyotumika pale Kariakoo. Akafungua gemu, muziki ukasikika, skrini ikabaki nyeusi tii. "Mjomba, imekufa!" Haikuwa imekufa. Gemu lilikuwa linataka kujaza skrini nzima kwa kipimo ambacho mashine ile haikiwezi. Sasa utaingiaje kwenye mipangilio kurekebisha, wakati mipangilio yenyewe huioni? Dawa yake ni kuliagiza gemu tangu nje, kabla halijafunguka.

Kwenye Windows, bofya kulia ile aikoni ya gemu, ingia Properties, utaona kisanduku cha Target. Mle ndani kuna njia ya faili, mara nyingi ikiwa ndani ya alama za nukuu. Nenda mwisho kabisa, nje ya alama ya kufunga, acha nafasi moja, kisha andika:

--window --resolution=1024x768

La kwanza linafungua gemu ndani ya dirisha, la pili linataja upana na urefu. Kompyuta ya mpwa ilifunguka palepale. Ukiandika maneno hayo ndani ya nukuu, Windows itadhani ni sehemu ya jina la faili na itayakataa. Kwa mashine yenye kadi dhaifu ya picha ongeza --noshadows, inaondoa vivuli. Na --nosound inazima sauti, kama kuna mtoto amelala.

Hapa kuna mtego uliotutesa wiki mbili. Nilimtumia binamu maneno hayo kwa simu, akayanakili, yakagoma. Tulipoyakuza kwenye skrini tukaona simu imeviunganisha vile vistari viwili vikawa kistari kimoja kirefu. Kwa macho huwezi kutofautisha haraka. Vistari hivyo viandike kwa mkono wako kwenye kibodi.

Sasa tuje kwenye kuunganisha mashine. Wengi wanaamini bando likiisha na mchezo umeisha. Siyo kweli. Ruta yenu ikiwa imewaka, kompyuta zilizomo chumbani zinaongea zenyewe kwa zenyewe hata kama haina hata megabaiti moja ya intaneti. Anayeandaa mchezo anaweka --host kwenye aikoni yake na anapelekwa moja kwa moja kwenye ukurasa wa kuandaa. Wengine wanaandika --join=192.168.1.10, au namba yoyote ya mashine ya mwenyeji. Namba hiyo mwenyeji anaipata kwa kufungua dirisha la amri (Command Prompt) na kuandika ipconfig. Asome mstari wa IPv4. Kwenye Linux ni ip a.

Namba hiyo ndiyo ya kuiangalia kwa makini. Ruta huigawa upya, kwa hiyo aikoni iliyofanya kazi Jumapili iliyopita inaweza kugonga ukuta leo. Mimi niliingia kwenye ukurasa wa ruta nikaitengea kompyuta yangu namba moja ya kudumu, na tangu siku hiyo wapwa wanabofya mara mbili tu. Umeme ukikatika tunahamia kwenye hotspoti ya simu. Huko namba ni nyingine kabisa, kwa hiyo kila mmoja ana aikoni ya pili, tumeiita "giza". Namba yake naisoma kwa sauti kila mara, wao wanairekebisha.

Kama --join inakataa na namba ni sahihi, angalia mambo mawili. Ngome ya Windows (firewall) ya mwenyeji inaweza kuwa imelizuia gemu. Liruhusu kwa mtandao wa nyumbani. Pili, toleo la gemu lazima lilingane kwa wote. Kwa sababu hiyo natembea na faili la kusakinisha kwenye flashi, nisimlazimishe mtu kupakua kwa bando lake.

Kuna amri moja zaidi ambayo ningeijua mapema ingeniokolea machozi ya watoto. Dada yangu ana wanawe wawili wanaotumia kompyuta moja, na kila mmoja alikuwa akivuruga mipangilio ya mwenzake, hata michezo iliyohifadhiwa. Nikawatengenezea aikoni mbili. Moja ina --configdir=D:\gemu\mkubwa, nyingine ina --configdir=D:\gemu\mdogo. Kila mmoja sasa ana folda yake, jina lake na vita vyake alivyovihifadhi. Mdogo ameweka picha ya simba kwenye aikoni yake ili kaka asikosee.