Jibu: Mwanaakiolojia anawakataa wachezaji wote usiku wa mwisho

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: katika mchezo wako wa hadithi, wachezaji wa majaribio wanamuunga mkono mhusika mwanaakiolojia kila mara, wanafukua vigae naye, lakini usiku wa mwisho kambini anakataa penzi lao, nao wanasema mchezo ni mbovu.

Yalinikuta hayo hayo kwenye ChoiceScript, lugha ya kuandikia michezo ya hadithi ambamo msomaji huchagua kinachofuata. Kabla hujagusa hadithi, kagua hesabu ya pointi za penzi. Ukiandika %+ 20, programu haiongezi pointi 20. Inaongeza asilimia 20 ya kilichobaki kufika 100. Anayeanza na 50 anapata 60, kisha 68, kisha 74. Kama sharti la kukubaliwa ni pointi 75, chaguo tatu nzuri hazimfikishi. Mimi niliweka 80 huku nafasi za kuongeza zikiwa tatu tu.

Hesabu ikiwa sawa, angalia kama pointi za penzi ulizitangaza kwa *temp, amri ya kutunza thamani kwa muda. Thamani hiyo hufutika ukihamia faili la sura nyingine. Tumia *create, ambayo thamani yake hudumu mchezo mzima, ndani ya faili la mwanzo liitwalo startup.

Halafu yasome malalamiko polepole. Wasomaji wangu hawakuchukia kukataliwa, walichukia kushtukizwa. Niliongeza sentensi moja tu: mchezaji akimuuzia mlanguzi kigae, mwanaakiolojia anaweka brashi chini na kuhamia upande wa pili wa shimo. Manung'uniko yalipungua sana. Sharti lenyewe sikulilegeza, kwa sababu mtu aliyejitolea kulinda mabaki ya kale hawezi kumpenda anayeyauza.

Msimbo wa mchezo wako sijauona, kwa hiyo bandika hapa kipande cha usiku ule tukitazame.