Kompresa inavuja: kabla hujanunua sili nyingine

Safari hii maswali yote yametoka kwa watu wa kompresa za mkanda, zile za pistoni zilizojaa kwenye vijiwe vya pancha. Nimeyafupisha kidogo.

Nikifunga kazi jioni geji inasoma baa 8. Asubuhi nakuta tangi tupu, na chini ya swichi kuna mluzi usiokoma. Ninunue swichi? (Fundi pancha, Morogoro)

Subiri kwanza. Mashine ikijizima, swichi huachia upepo uliobaki kwenye bomba linalotoka kichwani mwa silinda, kwa hiyo mluzi wa sekunde chache ni wa kawaida. Ukiendelea, ujue upepo unatoka tangini na kurudi nyuma kupitia vali ya kuzuia upepo usirudi, ile iliyopo pale bomba linapoingia tangini. Chomoa umeme, toa upepo wote, ifungue. Mara nyingi utakuta raba yake imeungua au imekaliwa na masizi, na pengine kuisafisha tu kunatosha. Maungio mengine yapake povu la sabuni. Usidharau kitundu: cha milimita 1, tangi likiwa na baa 7, kinapoteza lita 70 hivi za upepo kwa dakika. Unamlipa mtu wa umeme akupulizie ukuta.

Shikamoo fundi. Oili inavuja nyuma ya puli kubwa. Tangu mwaka uanze nimebadilisha oili sili (raba ya duara inayozuia oili isitoke kwenye shafti) mara tatu, ikikaa wiki mbili inavuja tena. Wenzangu wanasema nauziwa feki. (Kijana wa gereji, Tanga)

Marahaba. Feki zipo, lakini tatu mfululizo? Mimi mwenyewe nilishagombana na muuza vipuri kwa jambo hilihili, baadaye nikarudi kumwomba radhi.

Anza na kitundu cha kupumulia cha sehemu ya oili. Pistoni ikishuka inasukuma hewa iliyo chini yake, nayo hutokea hapo. Kikizibwa na vumbi na grisi, au mtu akikipiga boliti kwa kuwa kilikuwa kinatema oili (nimeyaona haya), presha inajaa ndani na kutafuta pa kutokea. Mdomo wa sili ndio mlango dhaifu kuliko yote. Ringi za pistoni zilizoisha nazo huongeza presha hiyohiyo, maana upepo wa juu unapenya kushuka chini.

Kisha pitisha ukucha kwenye shafti, pale sili inapolala. Ukikwama, sili za nyuma zimeshachimba mfereji, na mpya ikilala humohumo itavuja tu. Kama nafasi ipo, usiizamishe hadi kina cha ile ya kwanza, ili mdomo ukae milimita 2 pembeni ya mfereji. Nafasi isipokuwepo, mpelekee fundi mchongaji aivike shafti bushi nyembamba.

Uvishaji nao. Upande wenye springi hutazama oili. Mfereji wa kii (kipande cha chuma kinachoshikilia puli) kwenye shafti una kingo kali kama wembe: uzungushie selotepu, paka oili mdomo wa sili, ndipo uisukume. Igonge kwa kipande cha bomba chenye upana wake, si kwa bisibisi upande mmoja mmoja. Na dukani nenda na namba iliyo usoni mwa sili. 30-47-7 maana yake ni kipenyo cha shafti, kipenyo cha nje, na unene.

Oringi (pete ya raba ya kuziba maungio) ikikosekana, naweza kukata tyubu ya baiskeli? (Dodoma)

Itashika siku moja. Mpira wa tyubu ukikutana na oili huvimba na kulegea kama andazi lililosahauliwa kwenye chai. Omba oringi ya raba ya nitraili, inavumilia oili na joto la nyuzi 100 hivi. Karibu na kichwa, ambako bomba linaunguza mkono, omba ya raba iitwayo Viton, inafika nyuzi 200.

Silikoni badala ya gasketi (karatasi ya kuziba kati ya vyuma viwili) ya kichwa? (Mbeya)

Hapana. Itaminywa ndani, ichanike, na vipande vyake vikalale juu ya vali.

Napaka rangi magari. Rangi inafanya vishimo kwa sababu upepo una oili. Sili zote za nje nimebadilisha. (Nakuru)

Sili za nje hazihusiki. Tazama kioo cha oili: ikizidi alama, punguza. Safisha chujio la hewa, maana likiziba pistoni huvuta oili kutoka chini. Vyote vikiwa sawa, fungua silinda uangalie ringi. Ukibadilisha, midomo yake, pale zilipokatwa, ipishane, isilingane mstari mmoja. Silinda ikiwa na michubuko, ringi mpya hazitasaidia.

Koki ya kumwagia maji chini ya tangi inavuja. Niizibe kwa kuchomelea nimalize? (Kigoma)

Usithubutu. Maji hayo yakikosa pa kutokea yanakula chuma kwa ndani. Toa upepo wote, weka koki mpya na utepe mweupe wa mafundi bomba, kisha uwe unamwaga maji kila jioni. Na koki ikiwa nje, chungulia: ukiona magamba ya kutu yanadondoka, tangi hilo limeshastaafu, usilijaze tena.