Chora zamu moja moja: kumweleza mwanaprogramu gemu ya bao

Ukimpa mwanaprogramu ambaye hajawahi kukaa kwenye bao kurasa za kanuni tupu, atakuletea gemu yenye ubao mzuri na mchezo usiochezeka. Maneno "kulia" na "kushoto" peke yake yanatosha kumpoteza, maana wachezaji wanatazamana na kulia kwako ni kushoto kwa mwenzako. Picha humaliza ubishi huo, ilimradi kila picha ijibu swali moja tu.

Chora kwanza ubao mtupu: safu 4 zenye mashimo 8 kila moja, jumla 32. Pembeni andika namba 1 hadi 8 kuanzia kushoto kwa mchezaji wa chini, na namba hizo zibaki vilevile katika kila picha utakayochora baadaye. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Nyumba ni shimo la 5 katika safu ya mbele (ile iliyo karibu na katikati ya ubao), likihesabiwa kutoka kushoto kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo nyumba ya chini iko namba 5, na ya juu iko namba 4. Aliyechora nyumba mbili zikitazamana ameshaharibu gemu kabla ya kete kuwekwa.

Ndani ya mashimo andika tarakimu, usichore vitone. Vitone 6 na vitone 7 kwenye kioo cha simu havitofautishiki. Mwanzo wa mchezo kila nyumba ina kete 6, mashimo mawili yaliyo kulia kwake yana 2 na 2, na kete 22 za kila mchezaji ziko mkononi. Zioneshe hizo 22 pia, ndani ya kisanduku kando ya ubao. Kitu kisichochorwa hakitatengenezwa.

Sasa chora zamu moja kwa picha tatu: kabla, njia, baada. Tuchukue zamu ya kwanza kabisa. Mchezaji wa chini ana kete namba 5, 6 na 7. Wa juu anazo namba 2, 3 na 4. Hakuna shimo lenye kete linalotazamana na lenzake lenye kete, basi hakuna kula, yaani kuchukua kete za mwenzako; ni kutakata, yaani kupanda kete moja moja kwenye mashimo bila kula. Picha ya "kabla" inalionesha hilo lenyewe bila maelezo. Katika picha ya "njia", kete moja kutoka mkononi inaingia namba 6, zinakuwa 3, zinachotwa na kupandwa kuelekea kushoto: namba 5, 4, 3. Andika 1, 2, 3 juu ya mishale. Picha ya "baada" isomeke hivi katika safu ya mbele ya mchezaji wa chini, kushoto kwenda kulia: 0, 0, 1, 1, 7, 0, 2, 0. Jumlisha: 11, yaani 10 za awali na moja iliyoingia. Fanya hesabu hii chini ya kila picha ya "baada", kwa sababu kete ikipotea kwenye mchoro itapotea kwenye programu pia, na huko kuitafuta ni kazi ya siku nzima.

Mishale iwe na rangi mbili, basi. Buluu kwa kete zinazopandwa, nyekundu kwa kete zinazoliwa. Mshale mwekundu uwe wa nukta nukta vilevile, ili maana isipotee picha ikichapishwa kwa rangi nyeusi.

Kuna jambo ambalo picha tatu haziliwezi, nalo ni uamuzi wa mchezaji. Wakati wa kunamua, yaani kete za mkononi zikiwa bado zinaingizwa ubaoni, mtu aliye kwenye mwendo wa kula, kete yake ya mwisho ikiangukia nyumba anayoimiliki bado na asipoweza kula hapo, ana hiari: alale (zamu yake iishe hapo) au asafiri (achote kete za nyumba na kuendelea kupanda). Hapo chora njia panda: umbo la almasi lenye swali, kisha mishale miwili inayokwenda kwenye picha mbili tofauti za "baada". Ukiacha njia panda, mwanaprogramu atachagua kwa niaba ya mchezaji, na wazee wa bao hawatakusamehe.

Mchoro wa kioo ufanye kwa vipimo halisi, hata kama ni wa kalamu. Simu nyingi za Android zina upana wa takriban dp 360 zikisimamishwa (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa wa vitu kwenye kioo). Gawa kwa mashimo 8, unapata 45, wakati mwongozo wa Android unataka kitu cha kubonyezwa kisipungue dp 48. Vidole vitagusa shimo la jirani. Laza simu: urefu wa 640 unakupa mashimo ya 60 kila moja, na inabaki 80 kila upande kwa kisanduku cha kete za mkononi. Hesabu hii ya dakika mbili ndiyo inayoamua kama gemu itachezwa kwa simu iliyolazwa au iliyosimama.

Mwendo nao hauchoreki, kwa hiyo uandike. Weka "ms 200" (milisekunde 200) kando ya mshale, uwe muda wa kete moja kushuka. Kete 30 ni sekunde 6 za kungoja. Hapo utaona mwenyewe kwamba kitufe cha kuharakisha kinahitajika.

Usirembe mchoro. Ukipaka rangi ya mninga na vivuli, mazungumzo yote yatahusu mbao badala ya kanuni. Kalamu nyeusi kwenye karatasi inatosha (penseli haionekani vizuri ikipigwa picha). Piga karibu na dirisha, simu ikiwa juu kabisa ya karatasi, na ukituma kwa WhatsApp itume kama faili, maana ikienda kama picha ya kawaida hubanwa na tarakimu ndogo zinafifia.

Kabla ya kumkabidhi mwanaprogramu, mpe mtu asiyejua bao picha hizo pamoja na ubao na kete, umwambie acheze zamu uliyochora. Nyamaza. Pale atakapoinua macho kukuuliza, pana picha inayokosekana. Ichore, andika tarehe kwenye kona, na ya zamani iondoe kwenye kundi ili pasiwe na mtu anayejenga juu ya toleo lililokufa.